Fungua Daftari Kabla ya Kuongeza Kikomo

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya mkutano wa wasimamizi wa mifumo ya Unix na Linux, kuhusu mgao wa diski (quota), yaani kikomo cha nafasi na cha idadi ya faili anachowekewa kila mtumiaji. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, maana zilikuwa na amri tu, na amri zenyewe zimo humu.

Wenzangu wa zamu za usiku, walimu wangu mlioko mstari wa mbele, na ninyi vijana mliokabidhiwa nenosiri la root, akaunti yenye mamlaka yote, juzijuzi tu: habari za asubuhi.

Nianze na swali. Ni wangapi hapa mmewahi kupigiwa simu na mtumiaji anayelia kwamba diski imejaa, mkaangalia, mkakuta diski ina nafasi tele? Naam, mikono ni mingi. Na ni wangapi, ili simu ile ikatike, mlimwongezea kikomo mara mbili ya kile cha zamani, kisha mkaendelea na shughuli zenu? Mikono imepungua, lakini nyuso nazisoma.

Ndugu zangu, kuongeza kikomo kunapaswa kuwa dawa ya mwisho, nasi tumeifanya ya kwanza. Mgao wa diski ni daftari, na kerneli, kiini cha mfumo, ndiyo karani wake. Kila bloku (kipande cha nafasi ya diski) inayotengwa, kila inodi (kumbukumbu ya faili moja) inayozaliwa, huandikwa kwa jina la mtu. Mtu akilalamika, kazi yetu ni kulifungua daftari hilo na kulisoma. Ameandikiwa nini? Ameandikiwa kwenye mfumo gani wa faili? Na karani, je, alikuwa macho muda wote?

Daftari lenyewe si la jana. Lilikuja na 4.2BSD, toleo la Unix la Berkeley, mwaka 1983, na aliyeeleza jinsi linavyofanya kazi ni Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Kikomo laini, kinachoweza kuvukwa kwa muda, na kikomo kigumu, ambacho ni ukuta, vilikuwamo tangu wakati ule. Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado tunayasoma maandishi yake kwa haraka kama watu wanaosaini mkataba wa mkopo bila kuusoma.

Basi tuanze na kusoma.

Mfumo unapokataa kuandika, hutoa sababu. Kuna ujumbe unaosema "Disk quota exceeded", ambao jina lake la ndani ni EDQUOT, namba 122 kwenye Linux. Kuna mwingine unaosema "No space left on device", yaani ENOSPC, namba 28. Haya ni magonjwa mawili. La kwanza ni la mtu mmoja, au kundi moja: amefika ukingoni. La pili ni la diski yenyewe, na hata hapo usikimbilie kufuta, kwa sababu diski inaweza kuishiwa bloku au ikaishiwa inodi. Ndiyo maana df -h, inayoonyesha nafasi, bila df -i, inayoonyesha inodi, ni nusu ya jibu.

Shida ni kwamba programu nyingi huumeza ujumbe huo. Mtumiaji haoni EDQUOT. Anachoona ni "imeshindikana kuhifadhi", au haoni kitu kabisa.

Niwape kisa. Kulikuwa na mtafiti mmoja katika maabara ambaye asubuhi moja alishindwa kuingia kwenye kompyuta yake. Anaandika nenosiri, skrini inapepesa, inamrudisha palepale pa kuandika nenosiri. Mafundi wakabadilisha nenosiri. Wakabadilisha kibodi. Mmoja akaapa kwamba ni dereva ya kadi ya picha, wakaanza kuiondoa na kuiweka upya. Nusu ya siku ikaisha. Mpaka akapita mtu, akabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwenda kwenye terminali ya maandishi, akamwomba yule mtafiti aingie hapo. Akaingia bila tatizo! Wakaandika quota -s, amri inayoonyesha mgao wa mtu, na jibu likawa limeandikwa mbele yao siku nzima likisubiri msomaji. Mgao ulikuwa umeisha, kwa hiyo kikao cha picha kilishindwa kuandika faili ndogo ya .Xauthority kwenye folda yake ya nyumbani, na bila hiyo hakuna dawati. Wakafuta kashe ya kivinjari, akaingia. Dereva ya kadi ya picha ilikuwa haina kosa lolote, maskini.

Kwa hiyo, programu ikishindwa bila kusema kwa nini, iendeshe chini ya strace, chombo kinachoonyesha kila ombi la programu kwa kerneli, kama mtumiaji huyohuyo, utaiona EDQUOT ikiwa wazi. Na mtu akishindwa kuingia kwa picha huku kwa maandishi anaingia, jambo la kwanza kuangalia ni mgao wake.

Sasa, mkishafungua quota, someni safu zote. Zote! Kuna upande wa bloku na upande wa faili, na kila upande una matumizi, kikomo laini, kikomo kigumu na muda wa neema, yaani siku anazoruhusiwa mtu kukaa juu ya kikomo laini. Nyota ndogo kando ya namba ndiyo inayoonyesha upande uliovuka. Nimeona watu wakibishana juu ya gigabaiti wakati nyota imekaa upande wa faili. Mtu huyo hana data nyingi. Ana faili ndogondogo zisizo na idadi: kashe, faili za vikao, barua pepe za Maildir ambapo kila barua ni faili yake, maktaba za programu alizopakua akazisahau. Ukimwongezea gigabaiti hujamsaidia kitu. Amri ya du --inodes itakuonyesha ni folda gani inayozaa. Na mkumbuke kwamba edquota na setquota, amri za kuweka vikomo, huhesabu bloku za kilobaiti moja moja, yaani baiti 1024. Mtu akiandika 10240 akidhani anatoa gigabaiti 10, ametoa megabaiti 10, na simu italia kabla hajamaliza chai.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye muda wa neema, kwa sababu ndipo watumiaji wanapoonewa.

Mtumiaji anakuja na kukuambia: "Jana niliandika vizuri. Leo siwezi. Na tangu jana sijaongeza hata faili moja." Wewe unamtazama kama mwongo. Mabibi na mabwana, anasema kweli! Alivuka kikomo laini siku kadhaa zilizopita, saa ikaanza kukimbia, na kwenye Linux muda wa kawaida ni siku 7. Saa ilipoisha, kikomo laini kikageuka kuwa kigumu. Hakubadilisha chochote. Kilichobadilika ni tarehe.

Dawa yake? Ashuke chini ya kikomo laini, hata kwa kilobaiti chache, na saa inafutwa. Lakini lazima ashuke chini ya kile kilicho laini. Akifuta kidogo akabaki juu yake, mlango haufunguki, na hapo ndipo anapoanza kusema mfumo umeharibika. Kama ana sababu nzuri ya kuhitaji siku zaidi, edquota -T inampa yeye peke yake. Msichanganye na edquota -t, ile yenye herufi ndogo, ambayo hubadilisha muda wa mfumo mzima wa faili na haimsaidii aliyekwisha kuvuka. Kwenye migao ya kawaida ya Linux, saa yake ya mwisho iliandikwa daftarini siku aliyovuka, na hairudi nyuma kwa sababu wewe umebadilisha kanuni leo.

Na wale mnaoweka kikomo laini na kigumu sawasawa, "ili kurahisisha": mmewanyang'anya watumiaji onyo. Mtu anatoka kwenye amani moja kwa moja hadi kwenye ukuta. Mimi naona huo ni uvivu, na nimelisema hili mbele ya wakubwa zangu pia.

Twende kwenye jambo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko yote. Mgao hufuata mwenye faili. Folda haiulizwi.

Nirudie, kwa sababu nusu ya malalamiko yanatoka hapa. Mgao wa mtumiaji hufuata mwenye faili. Hauulizi faili iko kwenye folda ya nani. Unauliza namba ya mtumiaji iliyoandikwa kwenye inodi, ndani ya mfumo huo wa faili, basi.

Kulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyepima folda yake ya nyumbani kwa du, amri inayojumlisha ukubwa wa faili zilizo kwenye folda, akapata gigabaiti 6. Daftari likasema 20. Akaandika barua kali, na du yake akaiambatisha kama ushahidi. Ungekuwa wewe ungesema nini? Msimamizi aliyekuwa zamu hakusema kitu. Alitafuta kwa find /home -xdev -user na jina lake. Zile gigabaiti nyingine zilikuwa kwenye folda ya pamoja ya mradi, ambayo wenzake walimruhusu kuandika humo. Matokeo ya majaribio ya kundi zima yalikuwa yakitoka kwenye skripti yake, kwa jina lake. Kundi lilifaidi, deni likawa lake. Hakuna aliyekosea hesabu: du ilihesabu mahali, mgao ulihesabu mtu. Kwa kazi za pamoja kama hizo kuna mgao wa kundi, na mfumo wa faili wa XFS una mgao wa mradi unaofuata mti wa folda. Huo ndio uliohitajika pale.

Kuna njia nyingine ambazo daftari na du hutofautiana, na kila moja ina alama yake.

Faili iliyofutwa huku programu bado imeishikilia. Mtu anaona logi imevimba, anaifuta kwa rm, anafurahi, kisha quota haishuki hata kidogo. Jina limeondoka kwenye folda lakini inodi iko hai mpaka programu ya mwisho iliyoifungua iiachilie. Amri ya lsof +L1 huzitaja faili za namna hii. Ukiweza, zima programu hiyo na uiwashe tena. Ikiwa ni hesabu ndefu isiyoweza kukatizwa, unaweza kuikata faili kupitia /proc, kwenye fd (namba ya faili iliyofunguliwa) ya mchakato ule, na nafasi inarudi papo hapo. Hakikisheni tu kwamba yaliyomo hayahitajiki, maana hapo hakuna kurudi.

Halafu kuna marehemu. Msinicheke. Mtu anaondoka, akaunti yake inafutwa, faili zake zinabaki. Miezi ikapita, mtu mpya akaajiriwa, mfumo ukampa namba ileile. Siku ya kwanza kazini, kabla hajaandika herufi moja, mgao wake umejaa robo tatu kwa mali ya mtu asiyemjua. Na vibaya zaidi, anaweza kuzisoma faili hizo, kwa kuwa mbele ya kerneli ni zake! Kabla namba haijatolewa tena, repquota, ripoti ya migao ya wote, huwaonyesha hawa kama alama ya reli (#) na namba tupu isiyo na jina, na find yenye -nouser huwafichua. Safisheni wakati mtu anaondoka. Akishaajiriwa mwingine, mmechelewa.

Wengine mmeniuliza kwa maandishi: inakuwaje mtumiaji akawa juu ya kikomo kigumu, wakati kigumu hakivukwi? Jibu ni root. Root, au kwa usahihi zaidi mchakato wenye uwezo wa CAP_SYS_RESOURCE, hausimamishwi na kikomo. Huduma inayoendeshwa na root ikiandika faili kisha ikazigeuza kwa chown, amri ya kubadilisha mwenye faili, kuwa za mtumiaji, au wewe ukirejesha nakala rudufu kwa niaba yake, atasukumwa juu ya ukuta bila mtu kupiga kelele. Yeye mwenyewe hawezi kumfanyia jirani yake hivyo, kwa sababu Linux na BSD humnyima mtumiaji wa kawaida chown ya kugawa faili. Ingekuwa ruhusa, kila mwenye mgao uliojaa angeandika faili zake kwa jina la mwenzake, na daftari lingekuwa mchezo wa kuigiza. Kwa sababu hiyohiyo, usijaribu mgao ukiwa root. Utaandika mpaka diski iishe, kisha uje uniambie migao haifanyi kazi.

Jambo la tatu: je, karani alikuwa macho?

Daftari la mtindo wa zamani, lile la faili za aquota.user na aquota.group, ni sahihi tu ikiwa kerneli ilikuwa ikiandika wakati wote. Mfumo wa faili ukipachikwa (mount) bila usrquota kwenye fstab, orodha ya mifumo ya kupachikwa, au quotaon, amri ya kuwasha migao, ikasahauliwa, watu huandika na kufuta huku daftari limefungwa. Sehemu moja walihamisha folda za watumiaji kwenye diski mpya wikendi. Wakanakili kila kitu, pamoja na faili ya zamani ya aquota.user, wakawasha migao bila kuhesabu upya. Jumatatu kulikuwa na waliofuta faili zao zote na bado wakakataliwa, na kulikuwa na waliojaza watakavyo bila kuguswa. Ilionekana kama upendeleo, na maneno yakaanza kusemwa ofisini. Kumbe ni hesabu za diski ya zamani zilizokuwa zikitumika kwenye mpya!

Dawa ni quotaoff ya kuzima, kisha quotacheck ya kuhesabu upya, kisha quotaon. Lakini quotacheck inataka utulivu. Ikishindwa kuufanya mfumo wa faili uwe wa kusomwa tu, itakuonya kwamba hesabu huenda zisiwe sahihi na kukutajia -m ya kulazimisha. Wengi wetu tunaona -m tunashukuru. Ukiilazimisha huku watu wanaandika, umepata daftari jipya lenye makosa mapya. Tafuteni saa ambayo hakuna anayeandika.

Kwenye ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, kuna njia bora, nami ningewashauri muihamie: tune2fs -O quota, mfumo wa faili ukiwa haujapachikwa. Daftari linakwenda kwenye inodi zilizofichwa, linalindwa na jarida (journal) la mfumo wenyewe, na e2fsck, mkaguzi wa mfumo wa faili, hulikagua. Faili za aquota na quotacheck unaziaga.

XFS ina tabia yake. Hutaona aquota popote. Migao huwashwa wakati wa kupachika kwa uquota, na kupachika upya kwa remount hakuiwashi. Lazima ushushe na upachike tena. Kwa mfumo wa mzizi, kuandika kwenye fstab hakutoshi, kwa sababu mzizi hupachikwa kabla fstab haijasomwa. Weka rootflags=uquota kwenye mstari wa kerneli. Ripoti utaipata kwa xfs_quota -x. FreeBSD kwenye UFS wanataka userquota ndani ya fstab na quota_enable ndani ya rc.conf. ZFS, mfumo mwingine wa faili, haitaki chochote kati ya haya; huko ni zfs set userquota na zfs userspace, na zuio linaweza kuchelewa sekunde kadhaa, kwa hiyo usishangae mtu akipita kidogo.

Kabla sijaacha hapa, kuna ujumbe mmoja ambao umewapotezea watu usiku mzima. Unaandika quotaon, inajibu "No such process". Mwenzetu mmoja alianza kutafuta ni mchakato gani uliokufa. Hakuna mchakato! Kerneli yake, iliyopunguzwa kwa ajili ya mashine pepe, haikuwa na moduli ya quota_v2. Aliposakinisha kifurushi cha moduli za ziada cha kerneli ileile, ikawaka. Kerneli inasema inachotaka, na kazi ya kukisia inabaki kwetu.

La mwisho ni mtandao, na hapa ndipo data hupotea.

Folda za nyumbani zikiwa kwenye NFS, njia ya kutumia faili za seva kupitia mtandao, anayezuia ni seva. Amri ya quota kwenye kompyuta ya mtumiaji huiuliza huduma ya rpc.rquotad kule kwenye seva. Huduma hiyo isipokuwepo, huenda mtumiaji asione mgao wowote, akadhani hana kikomo. Kikomo kipo. Ameshindwa kukisoma tu.

Lakini ubaya halisi uko kwenye kuandika. Kompyuta ya mtumiaji huhifadhi maandishi kwenye kumbukumbu kabla ya kuyatuma, kwa hiyo write, ombi la kuandika, inaweza kurudisha jibu la mafanikio, na EDQUOT ikaja baadaye wakati wa fsync (kulazimisha data ifike diskini) au close (kufunga faili). Ni programu ngapi mnazozijua zinazokagua jibu la close? Mtu mmoja alikuwa na ripoti aliyoifanyia kazi muda mrefu. Programu yake ilikuwa na desturi ya kufungua faili ya zamani, kuifuta yaliyomo, kisha kuandika upya juu yake. Kufuta kulifaulu, maana kufuta hakuhitaji mgao. Kuandika kukakataliwa. Programu haikukagua chochote, ikajifunga kwa adabu zote. Alipofungua kesho yake alikuta faili yenye jina lake, tarehe yake, na baiti sifuri.

Ninyi mnaoandika programu, nawasihi: andikeni kwenye faili ya muda, pigeni fsync, kagueni close, ndipo mbadilishe jina kwa rename. Na ninyi wasimamizi, wekeni warnquota kwenye cron, ratiba ya kazi za mfumo, ili mtu aliyevuka kikomo laini apate barua angali na siku zake za neema.

Kabla hamjaniuliza maswali, fanyeni jaribio hili kila mnapobadilisha kerneli, diski au fstab. Undeni mtumiaji wa majaribio. Mpeni setquota yenye bloku 8192 laini na 10240 ngumu, na faili 50 kwa 60. Ingieni kwa jina lake, mwandike kwa amri ya dd faili ya megabaiti 20 ndani ya folda yake. Inapaswa kukatika karibu na 10. Ifuteni, kisha mzungushe touch, amri inayounda faili tupu, mpaka faili zifike 60, mwone kama nako kunakatika, kwa sababu wengi hujaribu bloku na kusahau faili. Dd ikipita hadi 20 bila kelele, andikeni quotaon -pa, inayoonyesha kama migao imewashwa, kabla hamjagusa kitu kingine.

Haya, maswali. Yule pale nyuma, uliyenyoosha mkono nilipotaja remount ya XFS: anza wewe.